Nusu Iliyokosa Mwenzake: Barua za Akina Pasternak

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Sisi husema waraka ni nusu ya kuonana. Leo nawapeleka kwa familia iliyoishi kwa nusu hiyo peke yake.

Mwaka 1921 mchoraji Leonid Pasternak na mkewe Rosa, mpiga piano, walitoka Moscow kwenda Berlin na binti zao, Josephine na Lydia. Hawakuaga kama watu wanaohama. Mzee alikwenda kutibiwa macho. Vijana wao wawili wa kiume, Boris mshairi na Alexander, walibaki. Boris aliwafuata mwaka 1922, akakaa miezi kadhaa, akarudi. Wazazi wake hakuwaona tena.

Ukizishika barua za Warusi wa wakati ule, anza na herufi. Mwaka 1918 serikali mpya ya Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka kwa mapinduzi ya 1917, ilifuta herufi kadhaa. Wengi waliokimbilia Paris au Belgrade walikataa katakata, wakashikilia tahajia ya zamani. Ndugu wa tumbo moja, neno lilelile, kila mmoja analiandika kivyake! Mimi hapo naona ugomvi mzima wa kisiasa, na salamu bado hazijaisha.

Halafu tafuta kisichoandikwa. Huko Urusi ya Kisovieti, fomu za kazini ziliuliza: una jamaa ng'ambo? Kufikia 1937, wakati wa kamatakamata ya Stalin, barua ya kutoka nje iliweza kukufanya jasusi. Aliyekamatwa akaandikwa kuwa "anaumwa". Wengine waliacha kuandika kabisa, na huko ng'ambo mama akalia kwamba mwanawe kamsahau, kumbe mtoto anajinusuru.

Wazee wa Pasternak walikuwa Wayahudi, tena Ujerumani ya Hitler. Wakawaza kurudi Moscow. Hebu jiwekeni mahali pa Boris: utamwandikiaje mama yako asije, na barua inapita mikononi mwa wakaguzi, na moyo wako unataka aje? Mwaka 1935 alipita Berlin akielekea Paris, akaonana na Josephine. Wazazi walikuwa Munich. Hakufika. Alikuwa anaumwa, hapati usingizi. Hiyo naikubali, ingawa bado inanichoma.

Wazee wakahamia Uingereza mwaka 1938. Rosa alifariki mwaka uliofuata, Leonid mwaka 1945.

Mei 1960 Boris alikuwa kitandani Peredelkino, kijiji karibu na Moscow, saratani ya mapafu imemmaliza. Lydia, aliyekuwa Uingereza, aliomba viza. Ilichelewa. Alipotua Moscow, kaka yake alikuwa ameshazikwa.