Saini ya x kwa x: kwa nini kikomo chake ni 1

Wenye vikokotoo, tafuteni saini ya 0.1, kisha gawanyeni kwa 0.1. Huku mbele mmepata 0.9983, kule nyuma, 0.01745. Hakuna aliyebonyeza vibaya. Vikokotoo vya mbele viko kwenye radiani (pembe inayopimwa kwa urefu wa tao lake kwenye duara lenye nusukipenyo 1), vya nyuma kwenye digrii.

Swali letu: x inapokaribia sifuri, sin x / x inakaribia ngapi? Namba hiyo ndiyo kikomo chake. Ukiweka sifuri moja kwa moja unapata sifuri kwa sifuri, na hilo si jibu. Najua wapo wanaotaka kukimbilia kanuni ya L'Hôpital, ile ya kutatua sifuri kwa sifuri kwa kutafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya juu na ya chini, iliyochapishwa mwaka 1696, ingawa mgunduzi wake hasa ni Johann Bernoulli. Lakini kanuni hiyo inakutaka ujue kwanza kwamba derivativu ya saini ni kosaini. Hilo umelijuaje? Kwa kikomo hikihiki tunachokitafuta! Huko ni kujizungusha tu.

Tuchore. Duara lenye nusukipenyo 1, na pembe ndogo x kwenye kitovu. Pembetatu ya ndani ina eneo ½ sin x. Kipande cha duara kinachoifunika kina ½x. Pembetatu ya nje, inayopanda hadi kwenye mstari wa tanjenti, ina ½ tan x. Ila hiyo ½x ni ya radiani peke yake. Kwa digrii ingekuwa πx/360, na ndiyo maana watu wa nyuma wamepata 0.01745, yaani π/180.

Basi sin x < x < tan x. Gawanya kote kwa sin x, kisha pindua:

cos x < sin x / x < 1

x ikienda sifuri, cos x inapanda hadi 1. Uwiano wetu umebanwa katikati, hauna pa kutorokea. x ikiwa hasi, juu na chini zote hugeuka ishara, kwa hiyo hakuna jipya.

Mitihani huleta sin 3x / 5x. Msithubutu kukata hizo x. Ya juu imo ndani ya saini. Andikeni (3/5) · (sin 3x / 3x), jibu ni 3/5.

Ninayoipenda mimi ni (1 − cos x) / x². Zidisha juu na chini kwa 1 + cos x. Juu inakuwa sin² x, na unabaki na (sin x / x)² · 1/(1 + cos x). Jibu ½. Kwa x = 0.1 kikokotoo kinatoa 0.4996.

Haya, tan 4x / sin 7x. Fanyeni sasa hivi, napita kuangalia madaftari.