Mlango wa Mwalimu na Mlinzi wa Gunia

MAMA PENDO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dodoma na kwingineko. Leo tulipanga kueleza mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyatazama kabla ya kumpeleka kijana chuo cha ufundi stadi, lakini Mwalimu amefika akiwa hajalala, na sababu yake ni mbuzi.

MWALIMU: Ni mbuzi wa jirani, na kosa si lake. Usiku wa Jumanne upepo ulisukuma mlango wangu mpya wa mninga, na alfajiri nikamkuta mnyama huyo amelala sebuleni. Mlango niliuagiza mwezi Machi kwa kijana aliyehitimu useremala, mwenye cheti cha hatua ya pili, na sasa umepinda kiasi kwamba ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake. Tangu siku hiyo nauegemezea gunia la mtama.

MAMA PENDO: Umeajiri mlinzi ambaye mbuzi anaweza kumla. Naye ana cheti cha hatua ya ngapi?

MWALIMU: Ya kwanza, kwa kuwa anajua kazi moja tu.

MAMA PENDO: Angalia usimvunjie heshima. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la tatu lilikuwa la kuanzia na la kwanza ndilo la juu, ilhali leo hatua ya kwanza ndiyo ya chini. Fundi wangu mkuu pale kwenye karakana yangu ya Kizota ana daraja la kwanza la zamani, na wateja wakiona cheti chake humdhania mwanafunzi.

MWALIMU: Basi gunia langu ni la zamani.

MAMA PENDO: Niliupitia mlango huo jana. Mbao zilikuwa mbichi. Ulifungwa wakati wa mvua, kisha ukaja ukavu wetu na upepo wake, na upande unaopigwa na jua ukakauka upesi kuliko ule wa ndani, ndiyo maana ubao ukajikunja. Kwangu tunapanga mbao chini ya paa, tukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na mwanagenzi huzipindua kwa miezi mingi kabla sijamruhusu kugusa mlango wa mteja. Kijana wako, naamini, chuoni alikabidhiwa mbao zilizokwisha kukauka.

MWALIMU: Hapana, alijua. Aliniomba tungoje hadi Julai. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu tulikuwa na kipaimara cha mjukuu baada ya Pasaka na sikutaka wageni wapite kwenye pazia.

MAMA PENDO: Hapo ndipo umeharibu zaidi utetezi wake. Fundi anayejua kwamba kazi itaharibika, kisha akaifanya, hakufundishwa sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kumkatalia mteja. Hiyo hujifunzwa kwa kumwona mkubwa wako akirudisha fedha ya watu.

MWALIMU: Wewe una karakana, Mama Pendo, kwa hiyo kukataa hakukulazi njaa. Yeye alikuwa na randa ya kuazima na kodi ya chumba. Chuo kilimpa maarifa. Hakikuweza kumpa akiba. Isitoshe, huyo mwanagenzi wako hodari, akitaka kazi katika miradi mikubwa ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ataonyesha cheti gani?

MAMA PENDO: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia mafundi waliojifunzia kazini na kuurasimisha ujuzi wao.

MWALIMU: Umempeleka?

MAMA PENDO: Sijampeleka. Akishapata cheti ataniacha, nami nimemlisha miaka mitatu. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mimi nina watu 6, silipi, lakini kila mwaka nafundisha vijana kwa mbao zangu, na hakuna aliyewahi kuniletea hata msumari.

MWALIMU: Uchungu wako naukubali, ila anayeulipia ni kijana.

MAMA PENDO: Na umaskini wa kijana wako naukubali, ila mlango bado haufungi.

MWALIMU: Hatutakubaliana leo.

MAMA PENDO: Wala kesho. Tena naonyeshwa kwamba tumebakiwa na dakika moja, na katika yale mambo matatu hatujagusa hata la kwanza.

MWALIMU: Wazazi watuvumilie hadi kipindi kijacho. Kijana anakuja Jumamosi kuurekebisha mlango.

MAMA PENDO: Yule yule?

MWALIMU: Yule yule, na nitamlipa.

MAMA PENDO: Basi asiurande. Asogeze kibati cha kitasa tu, kwa maana mvua za Desemba zikirudi ubao utavimba tena.

MWALIMU: Nitamweleza kwamba fundi wa Kizota amesema hivyo.

MAMA PENDO: Usimweleze chochote. Mwache aseme mwenyewe, nami nitakuwa nimesimama hapo nje nikimsikiliza.

MWALIMU: Na gunia?

MAMA PENDO: Libaki kazini hadi Jumamosi.