Mafuta ya Goti Hayajaisha

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mwanza)

Kaeni vizuri kwenye viti. Nyoosha mguu mmoja, ulegeze. Tafuta pia ya goti, kisha weka dole gumba chini yake, kila upande wa ule ukano mgumu unaoshuka kwenye muundi. Bonyeza. Hicho kilaini kinachobonyea ni mafuta. Unayo wewe, ninayo mimi, na anayo yule mama wa Mwaloni, Kirumba, anayeshinda amepiga magoti akigeuza dagaa, aliyeniambia: "Mwanangu, nimeambiwa mafuta ya goti yameisha."

Nani alimwambia? Ni sisi. Nalisema hili kila nikipewa kipaza sauti na sitaacha. Mgonjwa akisikia mafuta yameisha, anaona goti lake ni injini ya mtumbwi iliyokauka oili. Anaketi. Anakunywa maji ya bamia na supu ya kongoro, anasubiri yajae. Wakati anasubiri, misuli ya paja inanyauka.

Mtaniambia watu wanamaanisha ute. Sawa, lakini ute, yaani majimaji yanayolainisha kiungo kwa ndani, ni kitu kingine. Na goti lenye osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, mara nyingi huzalisha ute mwingi mno mpaka linajaa. Mnaliona limevimba kama embe, halafu mnamwambia mwenyewe limekauka!

Mjerumani Albert Hoffa alieleza tangu 1904 jinsi huu mto wa mafuta unavyovimba na kuuma. Ila kisa ninachotaka mwende nacho nyumbani ni cha 1998. Scott Dye, daktari bingwa wa mifupa wa Marekani, alilala mezani akiwa macho, wenzake wakaingiza kamera kwenye magoti yake yote mawili. Ganzi iliwekwa kwenye matundu ya kuingilia tu. Ndani ya kiungo hakukuwa na ganzi yoyote. Wakawa wanagusa sehemu moja moja kwa kifaa cha chuma, na yeye anataja ukali wa anachohisi: sifuri, moja, mpaka nne. Walipokandamiza gegedu la pia, lile tabaka nyororo linalofunika mfupa, tunalolisingizia kila siku, alitaja sifuri. Hakuhisi chochote, kwa sababu gegedu halina mishipa ya fahamu. Walipogusa utando unaofunika kiungo kwa ndani, upande wa mbele, na mto wa mafuta, akataja tatu, akataja nne. Maumivu makali, na aliweza kuonyesha hasa yanatoka wapi.

Basi mama anaposhuka mteremko wa Mabatini na ndoo kichwani akapiga kelele, anayelia mle ndani huenda ni haya mafuta. Yamejaa mishipa ya fahamu na ya damu, yamejaa seli za kinga. Yakivimba hutoa kemikali kama interleukini-6, zinachochea utando ulio jirani na kulisumbua gegedu. Yakikaa hivyo muda mrefu hujenga makovu, yanakuwa magumu.

"Si ni uzito tu?" Uzito upo, siukatai: utafiti uliotoka 2005 ulionyesha kila kilo moja mtu anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Lakini wanene huugua zaidi hata viungo vya vidole vya mikono. Nani anatembelea vidole vya mikono? Basi mafuta yenyewe nayo yanahusika. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichukua panya waliozaliwa bila mafuta mwilini, wakawajeruhi magoti, na magoti yale hayakuharibika kama ya wenzao. Walipowapandikizia mafuta kidogo tu, kinga ile ikapotea. Na msimwachie mama mwembamba aende zake eti hana mafuta. Huu mto hubaki hata mwili ukikonda sana.

Kuyakata? Madaktari wanaobadilisha magoti, wengine huyatoa, wengine huyaacha, na hawajakubaliana. Mto huo pia hulikinga goti na mishindo, kwa hiyo si wa kuchezea.

Naona nimeonyeshwa saa. Kuhusu diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, nitasema moja: muulizeni mgonjwa vidonda vya tumbo, presha na figo kabla hajazinunua. Mazoezi ya paja tutayafanya pale nje.

Yule mama nilimshika dole gumba, nikamwekea mahali penyewe, abonyeze. Akashtuka: "Kumbe yapo! Na ndiyo yanayouma!" Tukaanza na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Sasa amefika kumi, na dagaa anawageuza amekalia kigoda.