Waliorudi, Waliokataa, Walioondoka

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanafunzi, jambo yenu wote.

Walionialika wamenipa swali ambalo limekwisha kugombanisha watu wengi: kati ya Lumumba na Mandela, kijana wa Lubumbashi amfuate nani? Waliokuja kusikia mshindi nitawavunja moyo. Mimi naona kasoro iko kwenye kipimo chenyewe. Mashujaa tunawapima kwa kifo. Aliyeuawa tunamweka juu, aliyezeeka akafia kitandani tunamshusha ngazi moja. Lakini kifo cha Lumumba kilipangwa na adui zake, yeye hakukichagua. Nikitaka mtu wa kumwiga nitatazama alichoamua mwenyewe, siku njia ilipogawanyika mbele yake na hakuna aliyemshika mkono.

Nianze na mtu ambaye mji huu umemsahau. Mhubiri Simon Kimbangu alikufa hapa hapa Lubumbashi, gerezani, tarehe 12 Oktoba 1951. Akitajwa, mawazo yetu yanaenda Nkamba, kule Kongo ya Chini, na ni haki, maana ndiko alikozaliwa na ndiko kanisa lake lilikoanzia. Hata hivyo kifungo chake cha miaka 30 kiliishia huku Katanga, mbali kabisa na watu wa lugha yake. Miaka 27 ya Mandela dunia nzima inaijua kwa kichwa, na Mandela alitoka hai, akaongoza nchi. Kimbangu hakutoka. Na kazi yake ya kuhubiri, tangu Aprili hadi Septemba 1921, haikufika hata miezi sita!

Hapo kwenye Septemba ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwezi wa sita mtawala Mbelgiji alikuja Nkamba na askari kumkamata, akawaponyoka. Akafichwa na watu miezi mitatu, na serikali nzima ikamtafuta bila kumpata. Angeweza kuendelea kujificha. Akarudi Nkamba kwa miguu yake, akijua kinachomngoja, akakamatwa. Mahakama ya kijeshi ya mji wa Thysville, kule kule Kongo ya Chini, ikamhukumu kifo, kisha mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Wengi wanaishia hapo, kwenye ushujaa wa mwanamume aliyerudi. Mimi sitaki kuishia hapo, kwa sababu mtu aliyefungiwa Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, hawezi kuendesha kanisa la Nkamba. Aliyeliendesha ni mke wake, Marie Muilu. Miaka karibu arobaini alilishika kisirisiri, waumini wakihamishwa na kutawanywa mikoani, mpaka alipofariki mwaka 1959, mwaka ule ule utawala wa kikoloni ulipolitambua. Hakuwa na kesi mahakamani ya kuandikiwa magazeti. Alikuwa na watoto wa kulea na wapelelezi mlangoni. Dada zangu mnaoniuliza kila mara kwa nini orodha za mashujaa zimejaa wanaume, jibu moja ni hilo: kazi ya kila siku haina tarehe ya kuadhimisha.

Sasa Lumumba. Naye alirudi, na naye alipitia kifungo cha Thysville akaja kufia huku. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka nyumba yake iliyozingirwa na askari Kinshasa, akashika njia ya Kisangani, kwa wafuasi wake. Njiani alisimama mara kwa mara kuwahutubia watu waliojaa barabarani, na kila hotuba iliwapa saa zaidi waliokuwa wanamfuata. Alipofika mto Sankuru, pale Lodi, alivuka. Mke wake Pauline na mtoto wao Roland walikuwa bado ng'ambo ya pili, na askari wakawafikia. Lumumba akarudi, akakamatwa. Siku 47 baadaye, tarehe 17 Januari 1961, ndege ilimshusha uwanja wa Luano pamoja na wenzake wa siasa, Mpolo na Okito, na usiku ule ule wote watatu wakapigwa risasi porini.

Kama mume na baba, namvulia kofia. Ila tukimsoma kama kiongozi wa nchi, hesabu ni ngumu zaidi. Kimbangu alirudi kwa waumini waliomwita nabii, kwa hiyo kurudi kwenyewe kulikuwa sehemu ya kazi yake. Lumumba aliporudi, kazi yake ilibaki ng'ambo, na Kisangani walimngoja bure. Siwezi kumlaumu, na nina shaka kama kuna mzazi humu ndani angefanya vingine. Ninachosema ni kwamba kijana anayetaka kumwiga Lumumba ajue anaiga kitu gani: hotuba ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, au mto Sankuru. Ni vitu viwili, na havimtaki mtu wa aina moja.

Msiri nitampitia haraka, najua hapa kuna wanaomwita babu. Mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, akajenga ufalme Bunkeya kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na kapteni Bodson baada ya kukataa bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Alikataa kweli, na kukataa kule ni kwa heshima. Lakini mwaka ule ule Basanga, watu aliowatawala, walikuwa wameinuka dhidi yake, na hawakuinuka kwa sababu ya bendera. Mtu anaweza kumkatalia bwana wa mbali huku yeye ni bwana mkali kwa jirani zake. Wanaomsifu bila Basanga, na wanaomlaani bila ile bendera, wote wananichosha.

Nyerere yeye aliondoka. Mwaka 1985 akaacha urais, akarudi Butiama. Uenyekiti wa chama aliushika mpaka 1990, kwa hiyo aliondoka kwa awamu, tuseme. Na vijiji vya ujamaa watu walihamishiwa kwa nguvu, hilo tusilifiche. Ila sisi tuliokaa na Mobutu miaka 32 tunajua bei ya mtu asiyeujua mlango. Wala si marais tu: zipo kwaya humu mjini ambazo mwenyekiti wake watoto wamezaliwa wakamkuta, na sasa nao wanaimba sauti ya nne.

Nimebakiza mmoja. Desemba 1941, wakati wa vita, shaba yetu inahitajika Ulaya, bei sokoni zimepanda na mshahara haupandi. Wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wakagoma. Tarehe 9 maelfu wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Mtu mwenye kalamu, na karani wa wakati ule hakuwa wa kusukuma toroli. Angeweza kukaa kimya na kulinda meza yake. Akasimama mbele ya gavana Maron kudai mshahara wa wenzake. Akapigwa risasi palepale, na wengi wameandika kwamba aliyefyatua ni gavana mwenyewe. Kisha askari wakaupiga umati.

Lumumba ana mnara, Kimbangu ana kanisa la mamilioni, Mpoyi hana hata hotuba moja tunayoweza kuikariri. Ukiniuliza kijana wa Lubumbashi aanzie kwa nani, mimi nasema kwa huyu, kwa sababu njia iliyogawanyika mbele yake inafanana na ile atakayokutana nayo mwenyewe akishapata kazi na meza.

Waliokuwa uwanjani siku ile hawapo tena. Lakini wajukuu wao wako humu mjini, mtaa wa Kenya, mtaa wa Katuba, na najua wengine wamekaa humu. Basi kabla hatujafungua maswali kwa wote, naomba kipaza sauti kianzie kwa mtu ambaye babu yake alikuwa Union Minière mwaka 1941. Nyumbani kwenu walisema nini? Karibu, mama, wewe wa pale nyuma.