Saa Iliyoingia Maji: Unamlipa Fundi kwa Kazi Gani?

Neema: Karibuni tena kwenye kipindi. Tupo Moshi, masika imeshika, na huu ndio msimu wa saa zenye ukungu kwenye kioo. Leo ni suala la bei. Kaka Elibariki, mtu anaweka saa mezani kwa fundi anasema, "Imeingia maji, shilingi ngapi?" Fundi anayejua kazi anajibu nini?

Elibariki: Anauliza kwanza. Ni maji gani, yameingia lini, na saa ni ya betri au ya kujaza, ile ya springi isiyo na betri. Bila majibu hayo bei yoyote atakayotaja ni ya kubahatisha. Maji ya mvua yaliyoingia leo asubuhi kwenye saa ya betri ni kazi ndogo. Mtu aliyeogelea baharini Tanga Jumamosi akaileta saa Jumanne ana kazi nyingine kabisa, hata kama saa ni ileile.

Neema: Na wengi wanajitetea kwamba imeshakauka yenyewe.

Elibariki: Maji yamekauka, chumvi imebaki. Ile chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kutu inaendelea hata saa ikiwa kabatini. Sahani za mashine ni za shaba, hizo huchafuka tu. Kinacholiwa ni vyuma: kijiti kinachoshika kile kitufe cha pembeni cha kupangia saa, skrubu, springi, na ncha za magurudumu. Kwenye saa ya kujaza, ncha za gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku kupima muda, zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kutu haihitaji wiki tatu kuharibu kitu chembamba hivyo.

Neema: Basi tuanze na muda ule wa kwanza baada ya maji kuingia, kabla ya kufika kwa fundi, maana hapo ndipo watu wanapojiongezea gharama. Wengi wanaifukia saa kwenye mchele.

Elibariki: Mchele hauvuti maji yaliyonaswa ndani ya saa iliyofungwa. Njia yake ni ileile nyembamba maji yalipopita, na saa inakaa siku tatu kwenye bakuli huku kutu ikifanya kazi. Mashine ya kukaushia nywele nayo ni mbaya: maji yanageuka mvuke, mvuke unakwenda kila kona, rangi ya uso inafanya malengelenge. Kuianika juani ni hivyohivyo.

Neema: Na kuvuta kitufe ili hewa iingie?

Elibariki: Usivute, usizungushe. Ukikivuta kikiwa na maji unayasogeza ndani kwenye kijiti, na kijiti ndicho kinachoanza kushika kutu. Ivue mkononi, ifute, kitufe kikiangalia juu, ipeleke ifunguliwe mfuniko siku hiyohiyo. Kama ni ya betri, jambo la kwanza kwa fundi ni kutoa betri. Maji pamoja na umeme, hata huo mdogo wa volti 1.55, vinakula shaba haraka. Ule ugaga wa kijani kwenye vibanio vya betri unatokana na hapo.

Neema: Tuingie kwenye saa za betri basi, kwa sababu ndizo nyingi mitaani. Nyingi za bei ya kati zina mashine ya Miyota 2035, mishale mitatu bila tarehe. Namba imeandikwa kwenye mashine yenyewe, ukifungua mfuniko unaiona. Fundi anapimaje kama inapona?

Elibariki: Betri mpya kwanza, SR626SW, ile wengine wanaiita 377. Isipotembea, anapima koili, ule waya uliosokotwa unaoendesha mashine kwa umeme wa betri, kwa mita. Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele. Maji yakiukata sehemu moja tu, mita inaonyesha njia imekatika na mazungumzo yameisha. Koili ikiwa nzima, bado kuna kirota, kile kisumaku kidogo kinachozungushwa. Chembe za kutu zinakimbilia kwake kwa sababu ni sumaku. Saa inatembea dakika kumi, inasimama, ukiigonga inatembea tena. Watu wengi wanauziwa betri ya pili na ya tatu kwa tatizo hilo.

Neema: Hapo ushauri wangu ni mmoja: usilipie kusafisha mashine ya namna hiyo. Ukiagiza nje, Miyota 2035 mpya inapatikana chini ya dola 10 za Marekani kabla ya usafiri na kodi. Kuifungua magurudumu yake ya plastiki na kuyasafisha ni masaa ya fundi yanayozidi thamani yake.

Elibariki: Nakubali, ila kazi ya kubadilisha ina sehemu moja inayoharibiwa sana. Mashine mpya inakuja na kijiti kirefu, lazima kikatwe kwa kipimo cha kasha. Fundi anakikata kirefu kidogo, anasaga kwa tupa, anajaribu, anasaga tena. Akikiacha kirefu, kitufe hakikai chini, kuna mwanya kama unene wa karatasi. Oringi ya ndani ya kitufe, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, haikamati vizuri kwenye bomba lake. Saa inatembea safi kabisa, na mvua inayofuata inaingia tena.

Neema: Na mteja anarudi kugombana kwamba mashine ni feki.

Elibariki: Mashine haina kosa. Ukichukua saa, sukuma kitufe mpaka mwisho, itazame kwa ubavu kwenye mwanga. Usione mwanga kati ya kitufe na kasha.

Neema: Hili la oringi ndilo ninalotaka tulikalie, kwa sababu hapo ndipo fedha inapotea. Maji hayakuingia kwa sababu mashine ni mbovu. Yaliingia kwa sababu mpira umezeeka. Saa ya kawaida ina sehemu tatu: oringi ya mfuniko wa nyuma, oringi ya kitufe, na mpira au plastiki inayoshika kioo. Zenye vitufe vya kubonyeza zina za ziada. Bei ya oringi ukilinganisha na mashine ni ndogo sana, lakini ndicho kitu kinachorukwa.

Elibariki: Inarukwa kwa sababu haionekani na kwa sababu ya saizi. Oringi ya mfuniko inatakiwa ipimwe kipenyo na unene. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni kubwa hapo. Nyembamba haibanwi, nene inasukumwa nje ya mfereji na mfuniko unaikata. Ya zamani inatolewa kwa njiti ya mti, siyo bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye mfereji ni njia mpya ya maji. Mfereji unasafishwa, mpya inapakwa grisi ya silikoni kidogo tu, ing'ae, isilowe.

Neema: Na wasiokuwa na grisi hiyo?

Elibariki: Waende wakainunue. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanalainika kwa joto la mkono na kutambaa mpaka kwenye mashine. Halafu kuna kitu kibaya zaidi: gundi ya silikoni ya kuzibia madirisha na masinki, inazungushwa kwenye mfuniko. Ile yenye harufu kama siki inatoa mvuke wa asidi wakati inakauka. Umefungia asidi ndani pamoja na vyuma. Na gundi kali ya matone, ile inayokauka papo hapo, ukishikia kioo nayo inaacha utando mweupe upande wa ndani wa kioo na juu ya uso. Unafungua tena kusafisha, unalipa mara mbili.

Neema: Tuje kwenye saa za kujaza na otomatiki, zile zinazojijaza zenyewe mkono ukicheza. Hapa bei inaruka.

Elibariki: Inaruka kwa sababu ya masaa. Mashine inavuliwa yote, mishale, uso, daraja, magurudumu. Kama ilikuwa chumvi, kwanza suuza kwa maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri usichukue ya asidi. Kisha spiriti ile ya mafundi simu ili maji yatoke. Lakini kuna sehemu mbili haziachwi ndani ya spiriti: uma wa kupigia, ule unaosukuma gurudumu la mizani, na gurudumu lenyewe. Vito vyake, vile vijiwe vidogo vigumu, vimeshikwa na sherlaki, gundi ya asili, na spiriti inayeyusha sherlaki. Fundi akiloweka kila kitu pamoja kwa nusu saa, kito kinatoka, na hiyo siyo kutu tena, ni uharibifu aliouongeza mwenyewe.

Neema: Wengine wanasafisha kwa petroli au mafuta ya taa, saa inaamka, mteja anafurahi.

Elibariki: Inaamka, halafu inachoka. Petroli inaondoa uchafu pamoja na vilainishi vyote, na inaacha utando. Saa inataka mafuta yake mahali pake: jepesi kama Moebius 9010 kwenye ncha za magurudumu yanayokimbia, zito kwenye yale ya polepole, tone dogo ambalo hulioni vizuri bila lenzi. Ukinyunyizia ile dawa ya kulegeza nati za gari, inasambaa mpaka kwenye springi ya nywele, ile nyembamba ya gurudumu la mizani, mizunguko inashikana, saa inakimbia mbele dakika nyingi kwa siku.

Neema: Kwa hiyo lini kusafisha, lini kubadilisha mashine nzima?

Elibariki: Angalia springi ya nywele. Ikiwa na doa la kutu hata moja, haisafishwi ikarudi kama zamani, inabadilishwa pamoja na gurudumu lake. Kwa Seiko 5 nyingi za zamani zenye mashine ya 7S26, naona ni afadhali kuweka mashine ya NH36 nzima. Inakaa vizuri kwenye kasha hizo, inajazwa kwa mkono, mshale wa sekunde unasimama ukivuta kitufe. Nje inauzwa kati ya dola 30 na 50. Saa ya zamani ambayo mashine yake haitengenezwi tena ni habari nyingine: hapo unatafuta saa mfu ya aina ileile ya kuchomolea vipuri, na bei ni ya kupatana.

Neema: Tufanye hesabu ya mfano ili msikilizaji aone muundo. Hizi ni namba za mfano tu. Tuseme saa ilinunuliwa 150,000. Fundi anasema 70,000. Usikatae wala usikubali, mwambie aigawanye. Kufungua na kupima, 5,000. Mashine na kuisafirisha mpaka hapa, 35,000. Kuivalisha, kukata kijiti na kupanga mishale, 15,000. Oringi zote na grisi, 7,000. Kupima kama inazuia maji, 8,000.

Elibariki: Hiyo ni bei inayoeleweka. Akikwambia 40,000 "kila kitu", muulize oringi na kipimo vipo? Mara nyingi havipo, ndiyo maana imeshuka.

Neema: Na ongeza muda. Mashine kama haipo mjini itatoka Kariakoo kwenye kifurushi cha basi, hiyo ni siku mbili tatu. Ikiagizwa nje ni wiki kadhaa, na VAT ya asilimia 18 ipo. Mimi naweka mpaka wangu hapa: ukarabati ukizidi nusu ya bei ya saa mpya ya aina ileile, nanunua mpya, isipokuwa saa ya urithi. Saa ya babu haipimwi hivyo.

Elibariki: Na uso wa saa uingie kwenye maamuzi. Rangi ikishatoka malengelenge au ile dawa ya kung'aa gizani ikawa nyeusi, hakuna kuosha. Ukijaribu kufuta, maandishi yanaondoka na kitambaa.

Neema: Za dijitali kwa haraka. Casio F-91W imeingia maji?

Elibariki: Toa betri, CR2016, safisha miguso kwa spiriti, kausha. Tarakimu zikitokea nusu nusu, ni ule ukanda wa mpira kati ya kioo na bodi, usafishe na kuurudisha ulivyokuwa. Usipoteze kispringi cha mlio, ni kidogo mno. Ukishaweka betri, gusanisha alama ya AC na upande wa chanya wa betri, saa ianze upya. Kulipia zaidi ya hapo haina maana, nunua nyingine.

Neema: Swali limetoka kwa vijana wanaobeba mizigo mlimani. Saa inasoma 30M, yaani mita 30, haijawahi kuzamishwa, lakini ikifika kambi za juu Kilimanjaro kioo kinaingia ukungu. Je, imeharibika kwa kimo?

Elibariki: Kimo chenyewe siyo tatizo. Hata kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa unapungua kama nusu ya ule wa pwani, na huo ni mdogo kwa saa yenye oringi nzima. Kinachofanya ukungu ni baridi. Unyevu uliokuwa ndani tayari unageuka matone madogo kwenye kioo. Na hiyo 30M haina maana ya kuogelea. Ni kipimo cha mgandamizo uliotulia, kwa matumizi ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea kwenye chemchemi za Chemka anza na saa ya mita 100, na mpira uwe mpya.

Neema: Atajuaje kama kweli kuna unyevu ndani?

Elibariki: Kuna kipimo kimo kwenye ISO 22810, kanuni ya kimataifa ya saa zinazozuia maji, na fundi yeyote anaweza kukifanya. Saa inapashwa mpaka nyuzi 40 hadi 45, moto wa kuvumilika mkononi. Unadondosha tone la maji ya kawaida juu ya kioo, unasubiri dakika moja, unafuta. Ukungu ukionekana chini ya kioo pale tone lilipokuwa, kuna unyevu ndani. Ifunguliwe, ikaushwe kwenye chombo kilichofungwa chenye vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, oringi zibadilishwe, ifungwe siku isiyo na mvua, irudiwe kipimo.

Neema: Na hicho kipimo mteja adai kifanyike mbele yake wakati wa kuchukua saa. Ni dakika chache tu kwenye meza ya fundi, kabla hajatoa hela.