Nani anaamua RNA ikatwe wapi? Mazungumzo na watu wa Kisumu

Sawa, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mmejibana kwa mlango, songeni mbele viti ziko.

Iko hivi. Jeni ikinakiliwa inatoa RNA mbichi, ndefu, na haitumiki vile ilivyo, kwa sababu imejaa vipande havitakiwi, zinaitwa introni, lazima zitolewe ndio vipande vinavyotakiwa, zinaitwa eksoni, ziungane. Hii ilijulikana 1977, Richard Roberts na Phillip Sharp wakapewa Nobel 1993. Sasa introni karibu zote zinaanza na herufi za RNA GU zinaisha na AG, utasema si rahisi basi, mashine itafute hizo herufi ikate. Shida GU na AG zimejaa kila mahali! Hiyo mashine ya kukata, inaitwa splaisosomu, ikiachwa peke yake inapotea.

Hapo ndio protini za kusimamia zinaingia, na mimi ndio napenda hapa. Kama fundi wa nguo anavyofuata chaki, splaisosomu inafuata hizi protini. Kuna za SR, mkia wake umejaa serini na ajinini, zikishika eksoni zinaita wenzao U1 na U2AF, wenye kutambua mwanzo na mwisho wa introni, ndio ikatwe karibu hapo. Kuna za hnRNP, kama A1, hizo mara nyingi zinafukuza. Lakini msikariri hivyo, SR ikikaa ndani ya introni inaweza kuzuia pia, inategemea imekaa wapi na nani wako wengi kwa hiyo seli.

Mbona nawaletea haya Kisumu? Mbu, jameni. Anopheles gambiae, mbu wa malaria, ako na jeni ya mambo ya jinsia inaitwa doublesex, dume na jike wote wako nayo, tofauti ni kwa kukata: jike anabakisha eksoni ya 5, dume anairuka. Kwa nzi wa matunda, Drosophila, wahusika wanajulikana kabisa, protini Transformer na Transformer 2 pamoja na moja ya SR zinakalia eksoni ya jike yenye ni dhaifu, yaani splaisosomu haiitambui kirahisi, zinailazimisha ibaki, na dume hana Transformer inayofanya kazi basi inarukwa.

2018 watu wa Imperial College London wakachukua mkasi wa kukata jeni, wenye unajisambaza kutoka mzazi kwa watoto, wakalenga pale introni ya 4 inakutana na eksoni ya 5. Jike mwenye nakala zote mbili zimeharibika hawezi kuuma wala kutaga, dume ako sawa tu anaendelea kusambaza. Kwa vizimba vyao mbu waliisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Vizimba vya maabara lakini, sio mashamba ya mpunga Ahero, msitupe neti.

Eeh, kijana ameuliza mbona hapo na sio kwingine. Swali poa. Herufi za jeni ya mbu zikibadilika pale mkasi unalenga, mkasi unamkosa, na hiyo ndio imeharibu majaribio mengi. Lakini huo mpaka haubadiliki ovyo, mbu akiugusa ndio akwepe mkasi, eksoni ya 5 haitambuliki tena, na jike wake anakuwa tasa tu vilevile.