Mkia Unapotaka Kutangulia

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni kile kile kitambaa. Kipitisheni huko nyuma, kila mtu akishike.

Ndege ilikuwa Piper Cub ya manjano, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, muundo wa mwaka 1938. Ilitua kiwanja kimoja cha udongo njia ya Sikonge, kiangazi, saa saba mchana. Nilikuwepo, na ndoo ya maji mkononi. Iligusa chini vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, pua ikaanza kuvutika kushoto, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina akageuka kuangalia. Mara ndege nzima ikazunguka! Ncha ya bawa ikachimba udongo, gurudumu moja likakunjika, pangaboi la mbao likapasuka vipande. Rubani akatoka mwenyewe, ana nundu kwenye paji la uso, anatafuta kofia yake.

Jioni kijiweni hukumu ikawa moja: chuma chakavu kile. Nilikataa siku ile na leo nakataa.

Kuna tanboi humu? Wewe, simama. Tela likivutwa linafanyaje? Linafuata. Mkirudi kinyumenyume likakengeuka, dereva asiwahi usukani? Linakunja. Asante, kaa. Ndege ya gurudumu la mkiani ndivyo ilivyo: magurudumu makubwa yako mbele, uzito mwingi uko nyuma yake. Upepo wa ubavuni ukiusukuma mkia, mkia unataka kutangulia. Rubani anauzuia kwa miguu, pedali kushoto, pedali kulia, mpaka ndege isimame kabisa. Huyu wa makofi alipumzisha miguu mapema kidogo tu.

Mtasema, basi si ndiyo ubovu wa vitu vya zamani? Ngojeni. Enzi hizo viwanja vingi vilikuwa uwanda wa majani, kama uwanja wa mpira usio na magoli. Rubani anatazama upepo unakotoka, anaukabili, anatua. Sisi tumempa kichochoro: aingie huku au kule, basi. Upepo ukikikata kichochoro, atajuaje kama hakuna mfuko wa upepo, kile kitambaa cha juu ya mlingoti kinachoonyesha upepo unakotoka? Na mfuko wetu ndio huo mlioshika. Umebaki pindo na nyuzi. Kipande kingine nilikikuta kimefungia mbuzi.

Na ubishi wa uchakavu niumalize. Mwaka 1920 ndege ya Vickers Vimy iliyotoka Uingereza kwenda Cape Town, safari ya gazeti la The Times, iliishia hapa hapa Tabora, tarehe 27 Februari, ikijaribu kuruka. Ile ilikuwa mpya! Mpya, wazee wangu, na ikalala chini.

Hili la hewa nyepesi lilitaka dakika tano, sinazo. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, jua la mchana likiwaka ndege inagusa chini kwa kasi kuliko aliyozoea rubani wa pwani. La petroli: ndege ikilala vile msiisogelee na sigara kupiga picha. Mmenisikia? Na mabaki msiyaguse mpaka wachunguzi wafike.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La mbuzi liacheni. Kitambaa kiko kwa nani? Kirudisheni jamani, Jumanne naenda nacho Urambo.